Semeni na Shule ya Juu

Jino langu la mbele, hili la kushoto ambalo halipo, aliling'oa Semeni Mkude kwa kiwiko. Tulikuwa kwenye foleni ya uhamisho nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, mwezi wa kwanza, wanawake kama ishirini tumebanana kwenye kibaraza, na minong'ono ilisema darasa la sita limebakiza nafasi moja. Mimi nilikuwa mbele yake. Sikumwona akija. Nilichoona ni ukuta, kisha sakafu, kisha damu yangu mwenyewe ikidondokea khanga, na nilipoinua kichwa Semeni alikuwa ameshaingia ofisini na anasema, "Shikamoo mwalimu," kwa sauti ya mtu anayetoka kanisani.

Nayasema haya mapema ili ujue anayekusimulia ni nani. Naitwa Maimuna, nauza mananasi hapa Mkuyuni, meza yangu na ya Semeni zinagusana, na kwa muda mrefu hatukusemeshana ila kwa matusi. Nitamsema kwa haki. Kumsifia sikuahidi.

Nafasi tuliyoigombania ilikuwa ya shule ya serikali, tena ya bure. Hapa kwetu zipo mbili. Moja iko juu ya barabara, nyingine iko chini karibu na mto, na majina yao rasmi hatuyatumii. Tunasema ya Juu na ya Chini. Sare ni zile zile, vitabu ni vile vile, hata vyoo vinafanana kwa kunuka. Kinachozitofautisha ni namba. Zamani matokeo ya darasa la saba yakitoka, redio ilitaja shule zilizoongoza na zilizoburuta mkia. Siku hizi hawatangazi hivyo, lakini wastani wa kila shule bado upo kwenye mtandao, na Sharifa wa steshenari anakufungulia kwenye kompyuta yake. Kupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho tunajipangia wenyewe, hapo hapo kwenye benchi lake, kwa kelele.

Semeni alikwenda kwa Sharifa miaka yote, hata kabla mwanawe hajafika darasa la sita. Sharifa alijaribu kumweleza kwamba kuna mengine ya kutazama: watoto wangapi walifanya mtihani, darasa moja lina walimu wangapi, wangapi waliacha shule njiani. Semeni alimkata kauli.

"Nionyeshe wastani. Hayo mengine utawasomea wanaotaka hadithi."

Ya Juu ilikuwa na mia mbili thelathini na kitu kati ya mia tatu. Ya Chini, mia na kumi na nane. Semeni akatoka pale na wastani kichwani kama mtu aliyeoteshwa.

Ukitaka kujua kwa nini, mtazame bega lake la kulia. Liko chini kuliko la kushoto. Semeni amezaliwa Kinole, kule juu kwenye mdalasini na machungwa, akasoma shule ya kule kule. Mwaka wake wa darasa la saba hakuchaguliwa mtoto hata mmoja kwenda sekondari. Matokeo yalipobandikwa, baba yake alimsubiri mlangoni na mpini wa jembe. Semeni alimwambia, "Baba, hakuna aliyechaguliwa shule nzima," na baba akaona anajibiwa. Mpini ulivunja mfupa wa bega, ukaunga vibaya, basi. Semeni hamlaumu sana baba. Anailaumu shule. Anasema kama angekaa kwenye benchi lingine, na walimu wengine, leo angekuwa nesi au karani, si mtu wa kupiga kelele juu ya machungwa. Hilo huwezi kumbishia. Nimejaribu, akanirushia jiwe la mizani.

Mume alimpata, mfanyakazi wa mashamba ya miwa, mwenye ngumi nyepesi. Alimpiga Semeni miaka kadhaa. Siku moja Semeni alikuwa anatwanga, na mume akachagua vibaya wakati wa kumvuta nywele. Mchi ulimpata kwenye mbavu. Alilala wiki nzima, akapona, akaenda zake na hajarudi. Watoto wawili walibaki, Faraja na mdogo wake wa kiume, Riziki. Kwa Waluguru, kabila la Semeni, hilo si pengo kubwa, maana watoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Mjomba wao ni Laurenti, kaka yake Semeni, mtu mpole wa Kinole anayemenya mdalasini na kuongea na mbuzi wake. Semeni alipomuuliza Laurenti ni shule ipi Faraja aende, alisema, "Dada, mimi namba sizijui. Chagua wewe, nitakuunga mkono."

Basi akachagua, na jino langu likaenda. Mwanangu Salimu akaingia ya Chini.

Mengi ya mwaka uliofuata niliyasikia kwa mdomo wa Semeni mwenyewe, akijigamba mezani. Faraja alipoingia darasa la saba, shule iliita kikao cha wazazi. Mwalimu mkuu, Bi Bernadeta, alisema wilaya inawatazama na hawawezi kushuka. Kisha akasimama mwalimu wa hisabati, Collins, kijana mrefu, msafi, anayesalimia wakubwa vizuri na aliyekuwa mteja wangu wa mananasi. Alieleza mpango. Kila mtoto atapewa lengo lake la alama. Kila Jumamosi kuna jaribio. Kila alama inayopungua kwenye lengo, fimbo moja. Kanuni za serikali zinasema fimbo haziwezi kuzidi nne, na kila mtu pale ndani alijua, kwa hiyo walitaka wazazi wenyewe waseme ndiyo. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Yeremia mwenye mashine ya kusaga, akasema anayekubali anyooshe mkono.

Semeni alinyoosha wa kwanza. Alinyoosha ule wa kushoto, maana wa kulia haufiki juu.

Mwalimu Collins alishukuru, akatania kwamba tatizo sasa ni vifaa, fimbo za mpera zinavunjika upesi. Semeni akasimama tena.

"Fimbo nitaleta mimi. Kwetu tukishamenya mdalasini inabaki miti imenyooka kabisa. Tunaichomea chai tu."

Ukumbi ulicheka, ukapiga makofi. Jumamosi Laurenti alishuka kutoka Kinole na mzigo kichwani. Alidhani ni kuni za uji wa watoto. Aliutua mlangoni pa jiko, na mpishi akamwelekeza ofisini, na yeye akafikiri ofisini ndiko wanakohifadhi kuni.

Mti wa mdalasini ukivuliwa gamba unabaki mweupe, unateleza, hauna fundo, na ukikauka haukatiki. Tena unanukia. Watoto wa darasa la saba wa ya Juu walianza kurudi nyumbani miguu ikinukia mdalasini. Watu wakafanya utani. Mtoto akipita wanamwambia, "Leo umeungwa." Mimi pia nilifanya utani huo. Siku moja Faraja alipomletea mama yake chakula mezani nikasema, "Mama Faraja, mwanao ananukia chai ya maziwa." Semeni alinirushia nanasi langu mwenyewe, likanipata tumboni, na huku nimeinama nikamsikia anasema kwa fahari, "Na ni wa tatu darasani. Wako wa ngapi?"

Wangu alikuwa wa ngapi sikujua, maana ya Chini walimu walikuwa wanne kwa shule nzima na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kupanga watoto. Salimu hakupigwa. Siku nyingine hakufundishwa pia. Alikuwa anakaa nyuma ya darasa na wenzake wanasomeshana kwa vitabu vya kaka zao, na saa sita anakuja kunisaidia kubeba mananasi. Nilikuwa naona aibu, na aibu ile ilinifanya nimchukie Semeni zaidi kuliko lile jino.

Lakini nilikuwa na macho. Faraja alikuwa binti mrefu, mtulivu, anayependa kuimba akiosha vyombo. Aliacha kuimba. Alianza kukojoa kitandani, msichana wa miaka kumi na mitatu, na Semeni akampiga kwa hilo, nje, majirani tunaona godoro linaanikwa. Mtoto alikuwa anapigwa shuleni kwa sababu ya alama na nyumbani kwa sababu ya woga wa kupigwa shuleni. Nilitaka kusema. Nilinyamaza, kwa sababu tulikuwa hatusemezani, na kwa sababu nilijua atakachonijibu: wa tatu darasani.

Ukaja mtihani wa moko wa wilaya, ule wa kujipima kabla ya wa taifa. Ya Juu wakashuka. Hawakushuka sana, lakini shule moja ya upande wa Matombo iliwapita, na afisa mmoja akamsema Mwalimu Collins mbele ya walimu wenzake mpaka kijana akatoka nje kuvuta pumzi. Kesho yake akaingia darasa la saba na miti mitatu ya mdalasini, akafunga mlango. Alianza mstari wa mbele. Watoto walisikika mpaka barabarani, na watu walipita wakisema, "Leo wanakomeshwa." Ilipofika zamu ya Faraja fimbo ya tatu ilimkuta kwenye mfupa wa nyonga, maumivu yakamzidi, akapeleka mkono nyuma kujikinga. Mkono wa kulia. Mwalimu hakuacha kupiga.

Wenzake ndio waliomleta sokoni, wawili wamemshika kwapani. Alikuwa ameukumbatia mkono kifuani, uso umepauka. Semeni alimtazama na neno la kwanza kumtoka lilikuwa hili:

"Umepungukiwa ngapi?"

"Kumi na nne, mama."

Ndipo mtoto akaufungua mkono. Kiganja kilikuwa kimevimba, na vidole viwili vimelala upande ambao vidole havilali. Semeni alinyamaza. Nimemjua mwanamke huyo akitukana, akilia, akicheka mpaka anajikojolea, ila kunyamaza sikuwahi kumwona. Akanigeukia mimi, mimi adui yake, akasema, "Maimuna, mpeleke mtoto kituo cha afya." Akafunga khanga kiunoni, akashika njia ya juu.

Kilichotokea kule nilisimuliwa na mpishi wa uji. Semeni aliingia ofisi ya walimu bila kubisha hodi, akachomoa mti mmoja kwenye ule mzigo wake mwenyewe uliokuwa kwenye kona, akamfuata Mwalimu Collins kwenye kiti. Alimpiga akihesabu kwa sauti. Moja ilimpata shingoni, ya pili mdomoni. Kijana aliinuka, ni mtu mwenye nguvu, akamsukuma ukutani na kumpiga kofi lililompasua mdomo, Semeni akarudi. Bi Bernadeta alimkamata kiuno, akang'atwa mkono. Ilipofika kumi na nne Semeni akautupa ule mti chini, akakaa kwenye kiti cha mwalimu, akasema, "Haya, iteni polisi."

Wakawaita. Alilala mahabusu. Kituo cha afya nako wakataka fomu ya polisi kabla ya kumfunga mtoto plasta, kwa hiyo pale kituo cha polisi zikawa kesi mbili zinatazamana, mama amempiga mwalimu na mwalimu amemvunja mtoto. Mzee Yeremia alizunguka huku na huku siku mbili, akipiga magoti kwa huyu na kwa yule, mpaka zote mbili zikafutwa. Yaishie kinyumbani, walisema. Semeni alikubali kwa sababu moja tu: mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki chache, na hakutaka yeye, mama yake Faraja, awe gerezani siku ile.

Nilifikiri hapo ndipo angeichukia shule ya Juu moja kwa moja. Hakuichukia. Alimnunulia Faraja penseli, akamkalisha jioni sebuleni na kumfundisha kuweka weusi kwenye vile viduara vya majibu kwa mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa nimeanza kwenda pale, kupeleka nanasi la mgonjwa. Kiduara kimoja kilimchukua mtoto muda ambao mwenzake angejaza vitano. Penseli ilichana karatasi. Faraja alikuwa analia bila sauti huku anajaza, na mama anasema, "Kingine. Kingine, mwanangu."

Basi jioni moja wakaja Bi Bernadeta na Mzee Yeremia. Mwalimu mkuu alikuwa bado na kitambaa pale alipong'atwa. Walikaa, wakapokea maji, wakauliza hali ya mgonjwa. Kisha Mzee Yeremia akasema wamekuja kwa heshima zote. Mtoto anaumwa. Kwa nini asipumzike? Asiende kwenye mtihani. Mwakani wataomba arudie.

"Kwa nini asiende?" Semeni aliuliza.

Bi Bernadeta alitazama sakafu. Kwa haki yake nasema, alikuwa anaona haya. "Mama Faraja, asiyefanya mtihani haingii kwenye wastani. Anayefanya akapata vibaya, anaingia."

Nilikuwa nimekaa mlangoni. Walikuwa wamemvunja mtoto ili wastani upande, na sasa wanamwomba asiwepo ili usishuke.

Semeni aliinua jagi la maji, akammwagia mwalimu mkuu kuanzia kichwani, taratibu, mpaka likaisha. Halafu akalipiga jagi lenyewe kwenye ukuta karibu na sikio la Mzee Yeremia. "Mwanangu atafanya mtihani," alisema. "Hata akiandika kwa meno."

Mzee aliinuka anajipangusa. "Tutaona atapita wapi," akasema.

Asubuhi ya mtihani Laurenti alikuwa ameshuka kutoka Kinole, na tulitoka wanne: Semeni, Laurenti, Faraja, na mimi. Usinifanye mwema. Salimu wangu alikuwa anafanya mtihani ule ule kule ya Chini, alikwenda peke yake anapiga mluzi, na hakuna mtu duniani aliyefikiria kumzuia, kwa sababu wastani wa kule hauna wa kuulinda. Hasira ya jambo hilo ndiyo iliyonitoa kitandani. Nilikuwa na panga langu la kukatia mananasi, ndani ya kikapu.

Njia ya kwenda ya Juu ina kivuko cha magogo juu ya kijito. Hapo walikuwa wamesimama wazazi sita, wanaume wanne na wanawake wawili, watu tunaozikana nao. Mzee Yeremia alikuwa mbele.

"Mama Faraja, tunakuomba. Rudi na mtoto. Sisi wengine nasi tuna watoto."

"Wako ameshapita?" Semeni akauliza.

"Ameshapita."

"Basi na wangu anapita."

Laurenti, na upole wake wote, alitangulia kwenye magogo akiwa amenyoosha mikono, anasema, "Jamani, jamani, ni mtoto huyu." Kijana mmoja mwendesha bodaboda alimsukuma kifuani. Laurenti alianguka chali kwenye kijito, kichwa kikagonga jiwe, na maji yakageuka rangi pale pale. Semeni alitoa mlio ambao sitaki kuusikia tena. Alimwingia Mzee Yeremia kwa kichwa, pua ya mzee ikalia kama kuni kavu, wakaanguka pamoja juu ya magogo, na wale wanawake wawili wakamrukia Semeni mgongoni na kumvuta nywele na kumpiga kwa viatu. Nilitoa panga. Nililitumia kwa ubapa, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini nililitumia. Yule wa bodaboda nilimpiga mgongoni mpaka akapiga magoti. Nilikuwa napiga na kulia na kutukana, na sikuwa hata najua namtukana nani.

Katikati ya fujo ile nilimwona Faraja. Hakuwa amengojea mtu. Alikuwa ameshuka kwenye maji upande wa chini wa kivuko, sketi imelowa mpaka kiunoni, mkono wenye plasta ameuinua juu ya kichwa usilowe, penseli ameing'ata kwa meno. Alimpita mjomba wake aliyekuwa amekaa majini ameshika kichwa, akamwambia, "Shikamoo mjomba," akapanda ukingo wa pili na kwenda zake. Mwanamke mmoja alimwona, akataka kumkimbilia. Semeni alimkamata mguu kwa meno.

Askari aliyekuwa analinda chumba cha mtihani alimwona mtoto anaingia amelowa, akamuuliza kimetokea nini. Faraja alisema ameteleza.

Laurenti alishonwa kichwa. Pua ya Mzee Yeremia imekaa upande. Semeni alipoteza kiganja kizima cha nywele na hazijaota. Hakuna aliyeshtaki, maana kila mmoja angelazimika kueleza alikuwa anafanya nini pale kwenye kivuko.

Matokeo yalipotoka tulijaa kwa Sharifa. Wastani wa ya Juu haukushuka. Ulipanda. Umepanda na Faraja akiwa ndani yake, na plasta yake, na viduara vyake vya mkono wa kushoto. Mzee Yeremia alikuwepo pale, aliisoma namba ile mara mbili, akatoka bila kuaga. Faraja mwenyewe alikuwa amepata C, amechaguliwa sekondari ya kata. Ile ndoto ya shule za vipaji maalumu, ambayo kwa alama zake za zamani haikuwa ndoto, iliishia pale. Semeni alikaa kwenye ngazi ya steshenari akalia kwa sauti, mdomo wazi, kama msibani. Nilikaa naye. Sikumwambia mara moja kwamba Salimu wangu naye amepata C, na amechaguliwa sekondari hiyo hiyo.

Nilimwambia mwezi wa kwanza. Riziki alikuwa anaanza darasa la kwanza, na mimi nilidhani safari hii hakuna cha kufikiri. Tulikuwa mezani tunapanga matunda.

"Unaona, Mama Faraja," nilisema. "Watoto wetu wawili hawa, wako na wangu, wamekaa darasa moja sasa. Wangu hakuguswa hata na ubua. Mpeleke Riziki ya Chini."

Semeni hakukasirika. Aliendelea kupanga machungwa.

"Ya Chini walifaulu wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Kati ya wangapi?"

Nikageuza nanasi mezani. Walikuwa sabini.

"Salimu wako ana kichwa," alisema. "Angefaulu hata porini. Mimi sikuwa na kichwa cha namna hiyo, Maimuna. Mimi nilikuwa kwenye wale wengine. Riziki kanifuata mimi." Akanitazama, macho yamejaa. "Kule hawampigi mtoto kwa sababu walimu hawaji. Nichague nini?"

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Sikufanya lolote, nikauza nanasi.

Alimpeleka Riziki ya Juu. Aliyemwandikisha ni Bi Bernadeta, na wanawake hao wawili, mmoja mwenye alama ya meno na mwingine mwenye upara, walisalimiana. Kesho yake Semeni alihamisha meza yake. Sasa hauzi sokoni, anauza machungwa ya kumenya nyuma ya uzio wa shule, hatua chache kutoka madirisha ya darasa la kwanza. Anafika kabla ya kengele na anaondoka mtoto akitoka. Mvua ikinyesha anajifunika nailoni, hatoki.

Juzi nilimpelekea mananasi auze, siku hizi tunagawana. Nilikaa naye kwenye gogo. Mwalimu Collins mwaka huu amepangiwa madarasa ya chini, na alikuwa ndani ya darasa la kwanza na fimbo kwapani. Tulimwona vizuri dirishani. Alisimama kwenye mstari wa Riziki. Akamwambia mtoto fulani asimame, akainua mkono.

Semeni alisimama. Alikuwa na kisu mkononi na chungwa lililomenywa nusu. Mwalimu aliona kivuli, akageuka, wakatazamana. Akashusha mkono. Alimwambia mtoto akae, akatoka nje, akavuka uwanja, akaingia darasa la pili, ambalo madirisha yake yanatazama mlimani.

Fimbo ya kwanza tuliisikia wote wawili. Kisha mtoto akapiga kelele, "Nimekoma mwalimu! Nimekoma!"

Nilimgeukia Semeni. Alikuwa bado amesimama, ameinamisha kichwa, anasikiliza ile sauti kwa makini.

"Si wangu," akasema. Akakaa, akaendelea kumenya chungwa.